Sanamu Namba Tisa

6 Februari

Mpwa wangu Bi Hesabu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kutabiri mvua na halikosei hata siku moja. Binti wa baba yako mdogo amejifungua salama, mtoto wa kiume, kichwa kikubwa cha ukoo wetu, hatuwezi kumkana. Wengine wote hawajambo. Msalimie sana wifi yangu, mwambie blauzi aliyonishonea bado naivaa nikitaka kuwakoga watu.

Mwongozo wako wa utafiti umefika. Kurasa arobaini na moja. Nimeusoma kwa miwani, nikausoma tena bila miwani nikidhani labda nimeona vibaya. Mengi nakubali. Wanaume kumi na wanane, tisa waanze sasa na tisa wasubiri miezi sita, nakubali, ingawa kumwambia mtu wa hasira asubiri ni kumchokoza. Kila mtu awe namba badala ya jina, nakubali. Ukurasa wa kumi na sita ndio siutaki hata kuuona.

Mimi si msomi. Ni mfinyanzi aliyeitwa hospitali miaka ishirini na miwili iliyopita kuwashughulisha wagonjwa, na hiyo tiba ya sanaa nimejifunzia humo humo, cheti kikaja baadaye. Lakini wanaume wa wodi yangu nawajua. Wameletwa na mahakama kwa sababu ya mikono yao. Kila mmoja anafinyanga mtu ambaye yeye mwenyewe alimuumiza, mara nyingi mkewe, na kabla ya kutoka anapewa nyundo ya mbao. Anaivunja sanamu kwa pigo moja, moja tu, kisha anaweka nyundo mezani na kunionyesha kiganja kitupu. Yule tunayemwita Dereva, siku ya kwanza alipiga mpaka meza ikapasuka na vidole vyake vikachuruzika damu, wauguzi watatu wakamvuta kwa shida. Mwezi wake wa sita alipiga mara moja, akaketi. Kazi si kuvunja, mwanangu. Kazi ni kuweka nyundo chini.

Nawe unaniambia sanamu zisivunjwe, zikae kwenye rafu, zipigwe picha kila mwezi ili wewe na wenzako mzipe alama. Mtu uliyemfinyanga ukiwa na moto kifuani, ukimwacha mzima, utamkuta Jumanne ijayo yuko pale pale anakutazama. Ufute huo ukurasa kabla haujamtoa mtu roho.

Shangazi yako,
Mama Udongo

—

21 Februari

Shikamoo shangazi,

Nakushika miguu, na hilo goti nalishika taratibu. Sisi huku tuko salama. Mama bado anashona, ila baridi ikizidi ule mkono unamgomea na nguo za wateja zinachelewa. Amefurahi kusikia blauzi bado inakutosha, halafu akacheka kicheko ambacho sitakieleza. Habari za mchumba usiniulize.

Ukurasa wa kumi na sita unabaki. Naomba unisikilize kabla hujatupa barua. Una miaka ishirini na miwili ya kazi, na hakuna mtu nje ya chumba hicho anayeiamini, kwa sababu ushahidi wako wote unaufagia kila Jumanne jioni. Nilikaa kwenye kikao na wakubwa wa hospitali yako. Mmoja aliita kazi yako kucheza na matope. Mwingine alishachora ramani ya chumba chako kikiwa stoo ya vitanda vibovu. Wamenipa mpaka Desemba niwaonyeshe kitu cha kushika mkononi, la sivyo chumba kinafungwa na wanaume wako wanarudi kufungwa mikanda kitandani.

Tunachopima ni kidogo tu. Wapimaji watatu, mimi nikiwa mmoja, tunatazama picha bila kujua ni ya nani. Tunatoa alama moja hadi tano. Moja ni kitu tu, gogo lenye kichwa. Tano ni mtu kamili, mwenye uso wake na uhai wake. Kama mwanamume alianza na gogo akaishia na mtu, hapo tumepata la kusema. Sanamu ikivunjwa kila wiki hatuoni safari, tunaona vumbi.

Nifanyie hivi mpaka Agosti tu, shangazi. Nakuomba kama mwanao.

Umeandika wengine wote hawajambo. Sikuuliza ni nani na nani.

Wako,
Bi Hesabu

—

2 Aprili

Mpwa wangu,

Usinilaumu kwa kuchelewa. Nilikuwa nakununia, na kununa kwangu unakujua, kuna ratiba yake. Sasa nimemaliza. Goti halijambo. Kichwa kikubwa cha ukoo kimeanza kucheka.

Rafu imepigwa misumari ukutani mkabala na dirisha, na juu yake kuna watu tisa wa udongo mbichi wenye namba migongoni. Kila Jumanne mwenye namba anashusha wake, anaulowesha udongo, anaendelea. Picha za Februari na Machi nimezifunga humu humu. Nimefuata kila mstari wako.

Sasa nikupe na yale ambayo picha haipigi. Wiki ya pili, namba nne aliingia, akamwona mkewe wa udongo kwenye rafu, akauma mkono wake mwenyewe. Hakuachia. Tulimpanua taya kwa mpini wa kijiko, na nyama ilikuwa imeshatoka. Wiki ya tano, Dereva alimkaba namba sita kwa waya wa kukatia udongo kwa sababu sanamu zao zilikuwa zimegusana viwiko. Shingo ya namba sita ina mstari mwekundu mpaka leo. Zamani walikuwa wanatoka chumbani wamechoka. Sasa wanatoka wamebeba.

Kinyozi ndiye peke yake anayenichekesha. Ni namba mbili, alimkata mshirika wake kwa wembe, lakini sasa anawasalimia wote wa kwenye rafu kwa zamu, anawauliza wameamkaje. Namba tisa hasemi lolote. Anafinyanga kichwa chini, anaosha mikono, anaondoka.

Nisalimie wifi.

Mama Udongo

—

20 Aprili

Shikamoo shangazi,

Sisi wazima. Mama anakusalimu.

Picha zimefika na tumeshazipa alama. Pole kwa mkono wa namba nne na shingo ya namba sita, nimeviandika vyote kwenye taarifa. Tafadhali waya uwe unafungiwa kabatini.

Nina swali moja. Najua wapimaji hatutakiwi kuuliza. Namba tisa ana umri gani?

Bi Hesabu

—

5 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako ya safari hii fupi mpaka nimeigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Hata goti hukuniulizia. Haya, ni zima, asante.

Umri wa namba tisa ni namba tisa. Ukurasa wa ishirini na mbili, mstari wa tatu: mpimaji haambiwi jina, umri wala kosa la mshiriki. Uliandika mwenyewe na ukapigia mstari. Usinifanye nivunje sheria yako wakati unanikataza kuvunja udongo wangu.

Narudia ombi langu, na sasa nalirudia nikiwa nimeshiba sababu. Wiki iliyopita muuguzi mmoja alipigwa teke la tumbo akatapika damu. Wodi nzima imekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Niruhusu niwarudishie nyundo, pigo moja mwisho wa kila somo. Picha utapata, nitazipiga asubuhi kabla hawajaingia.

Nijibu upesi.

Mama Udongo

—

17 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mama hajambo. Mimi nalala vibaya, lakini hilo si lako.

Ruhusa sitoi. Ukibadilisha kitu katikati hatutajua tena kilichosaidia ni nini na kilichodhuru ni nini, na miezi yote hii itakuwa ya bure. Huwezi kujua kwamba rafu ndiyo inayowakaza. Labda ni joto. Labda ni dawa mpya. Labda hata zamani walikuwa wanapigana hivyo hivyo ila hukuwa unaandika. Wewe unakumbuka, mimi ninaandika. Ndiyo tofauti yetu.

Na kama unadhani sanamu ya namba tisa ina jambo lolote la maana, ujue nimeipa moja. Machi moja, Aprili moja. Gogo lenye kichwa.

Bi Hesabu

—

30 Juni

Mpwa wangu,

Usishtuke ukiona mwandiko. Ni wa muuguzi wa zamu, maneno ndiyo yangu. Amekuamkia, na anaomba radhi kwa herufi zake.

Jumanne ya tarehe ishirini na mbili namba tisa alimpiga Kinyozi kwa nyundo ya mbao. Taya la Kinyozi limevunjika pande zote mbili na jicho la kulia limetolewa, halikuwa la kuokoa. Mimi niliingia katikati. Kifundo cha mkono wangu wa kulia kimevunjika mahali pawili, na daktari wa mifupa ameniambia kwa upole wote kwamba gurudumu la kufinyangia nilisahau. Damu iliruka mpaka kwenye rafu. Wale watu wako wenye namba wamechafuka wote.

Namba tisa yuko kwenye wodi ya makufuli, amefungwa mikono na miguu.  Kinyozi anapumua kwa mpira, na alipozinduka alimwomba muuguzi kioo, tukamnyima.

Nilikuambia ukurasa wa kumi na sita utamtoa mtu roho. Umekosea kidogo tu, umetoa jicho. Rafu yako ndiyo iliyofanya haya.

Hapa mwandishi wangu ananiuliza kama niandikiwe salamu kwa wifi. Ndiyo, aandike.

Shangazi yako

—

12 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Pole sana kwa mkono. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni kwetu, na sijaweza kumwambia mama kwa nini nimelia.

Tuache kufichana sasa. Namba tisa ni baba.

Nilimjua kwenye picha ya Machi. Si yeye niliyemwona, ni mama. Kiwiko kilichopinda kisichonyooka, kiganja kimetazama nje, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Hakuna mwanamke mwingine duniani anayesimama hivyo, kwa sababu hakuna mwingine aliyefanywa hivyo. Nilikuwa na miaka minane, nimejificha chini ya meza ya cherehani. Baba aliubana mkono wa mama mlangoni akaufunga mlango. Akaufungua, akaufunga. Mfupa ulilia kama kuni mbichi, na mama hakulia kabisa. Mara nne. Ninyi mkaniita Bi Hesabu mkidhani napenda hesabu. Nilihesabu kwa sababu niliamini kila kitu kina namba yake ya mwisho, na tukiifikia ataacha.

Kuanzia hapo nilipaswa kujitoa. Mpimaji akimjua mshiriki anaweka kalamu chini, nayo sheria hiyo nimeiandika mwenyewe. Sikujitoa. Wenzangu wawili walimpa tano, miezi yote. Mmoja aliandika pembeni: huyu amemwona mtu. Mimi nikampa moja na nikafurahi, nikafurahi sana, kama niliyepiga. Miaka kumi na tisa natafuta njia ya kumpiga yule mtu, nikaipata kwenye fomu yangu.

Sasa zamu yako. Umekaa naye chumba kimoja tangu Februari ukiniandikia wengine wote hawajambo. Na nyundo ilifikaje chumbani, shangazi? Mwezi wa Mei nilikataza nyundo.

Mimi

—

4 Agosti

Binti wa kaka yangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala. Nimeona afadhali ziwe mbaya kuliko kupitia kwa mtu.

Ndiyo, ni kaka. Aliletwa Januari na karatasi ya mahakama, baada ya kumpiga msimamizi wa gereji kwa spana mpaka akazirai. Nilimfuata daktari mkuu nikamwambia huyu ni wa tumbo moja na mimi, sistahili kumtibu. Akaniuliza nani mwingine anaiweza hii kazi. Hayupo. Nikanyamaza kwako kwa sababu nilijua ungeufunga utafiti, na chumba kingekwenda nao. Na kusema kweli, nilimhurumia. Kaota mvi kichwa kizima. Ukinichukia kwa hilo una haki.

La nyundo ni baya zaidi. Uliponikatalia, niliamua kufanya langu. Siku ile nilipiga picha asubuhi, nikawarudishia nyundo mchana. Uongo wa kukuambia nilishauandaa, kwamba rafu ilianguka. Wanane walivunja, pigo moja moja, viganja vitupu. Namba nne alilia. Nilijisifu kimoyomoyo, nikasema ningekuwa na msomi wangu hapa aone.

Kaka akakataa. Nilimpa nyundo akairudisha mezani. Akasema maneno yake ya kwanza tangu Januari: "Huyu nilishamvunja. Sivunji tena."

Ningekuwa na akili ningekaa chini nikayaandika. Lakini mimi niliona ukaidi. Ule ukaidi wake wa utotoni, wa kukataa kuoga. Nikamwambia hapa kila mtu anavunja, ndiyo dawa. Kinyozi, ambaye hana baya, akaokota nyundo akasema mzee, nitakusaidia, akainua. Kaka akamnyang'anya. Pigo la kwanza lilikuwa la taya. La pili jicho, nililisikia. Nilimkumbatia mgongoni, nikamwita kwa jina la nyumbani, nikanyoosha mkono juu ya uso wa Kinyozi, na la saba likaniangukia mimi. Ndipo akaniona. Yalikuwa kumi na moja kwa jumla, maana hata baada ya kuniona mkono wake ulichelewa kusimama. Nimekuhesabia.

Kwa hiyo si rafu. Ni mimi. Niliowasaidia kwa nyundo nawakumbuka kwa sura zao wote, naweza kukusimulia mpaka kesho. Nilioharibu kwa nyundo ile ile sikuwahi kuwahesabu. Labda ni huyu mmoja katika miaka ishirini na miwili. Labda ni kila wa tatu. Nilikuwa nafagia, kama ulivyosema.

Nimekwenda kumwona nyuma ya makufuli. Nikamwambia anayepima picha ni wewe.  Akasema sanamu ile si yake, apewe mwenyewe, aliyefinyangwa. Ndiyo hiyo kwenye boksi. Nimeifunga kwa pamba. Niliposema wamechafuka wote nilikudanganya, alikuwa amebaki huyu peke yake; damu nimeifuta, lakini udongo mbichi unanywa, begani utaona doa. Sijaichoma motoni, kwa hiyo ukitaka kuivunja haitakupa kazi. Ukitaka kuihifadhi, usiiguse kwa mikono yenye maji.

Fanya unavyoona. Mimi sina tena mashauri.

Shangazi yako

—

29 Agosti

Shikamoo shangazi,

Marahaba utaniitikia ukipenda, sikudai. Mama mzima. Namuombea Kinyozi. Mkono wako nauwaza kila nikishika kalamu.

Nimejipeleka mwenyewe mbele ya kamati. Nimewaeleza alama zangu, nimewaeleza na nyundo yako, sikuona namna ya kusema moja nikaacha lingine. Utafiti umesimamishwa. Chumba chako sijui. Mmoja wa wapimaji wenzangu ameomba arudi kwa wakubwa wa hospitali na yale maneno ya baba, kwamba mtu aliyekataa nyundo ni jambo la kuchunguzwa. Sikutia neno.

Boksi nililificha chini ya kitanda. Mama akaliona akifagia, akaona mwandiko wako wa kushoto, akadhani umemletea kitambaa. Niliporudi kazini nilimkuta amekaa kwenye kiti cha cherehani, sanamu iko mapajani, pamba sakafuni.

Nilimweleza yote. Sikuruka kitu, hata jicho. Hakuuliza habari za baba. Aliuliza kazi yenyewe inakwendaje, nani anaanza na nani anamaliza, kama anayetaka kujua bei ya mshono. Nikamweleza nyundo yako na rafu yangu. Akaniomba nimsomee karatasi ambayo wale wanaume walitia sahihi kabla ya kuanza. Nikamsomea. Ninaelewa kwamba nitafinyanga, ninaelewa kwamba picha zitapigwa, ninakubali kwa hiari yangu, jina langu halitatajwa, ninaweza kujitoa wakati wowote.

Mama akasema: "Na mimi nilitia sahihi wapi?"

Nilidhani ametania. Nikamwangalia, hakuwa ametania.

Fomu yangu ya namba tisa ina sehemu ya mwisho inayoitwa hali ya sanamu. Ina visanduku viwili: imevunjwa, imehifadhiwa. Nilimwambia mama achague, na nitatii. Alikwenda uani akajaza beseni la kufulia. Akaitia sanamu ndani polepole, akaishika chini ya maji kwa mkono ule mzima. Kilianza kulainika kichwa. Utepe ukatoka shingoni. Mkono uliopinda ulikatika wa mwisho, na mama akaufinya kwa vidole mpaka ukawa tope kama mengine. Maji yaligeuka mekundu kidogo pale begani palipokuwa na doa. Kazi yote ilichukua kama nusu saa. Mimi nilisimama mlangoni, sikuhesabu.

Baadaye akamwaga maji, akakusanya tope kwenye kopo, akafunga kifuniko. Anasema ni udongo wako, usije ukasema alikudhulumu. Kwa baba amesema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: mwambieni nimemsikia, asidhani nimemjibu.

Kopo litakufikia pamoja na barua hii. Nilipokuwa nalifunga kamba alinishika bega, akasema kuna swali amelisahau, nilitie ndani. Anaomba umjibu wewe mwenyewe, kwa mkono wowote unaoandika. Miaka ishirini na miwili, wifi, kila Jumanne, nyundo moja kila mmoja. Hao wanawake wote, kuna hata mmoja mliyemuuliza?